Unakwenda kwa Nani?

Kigali, Jumapili jioni

Shikamoo Bibi, waitu.

Anayekusomea barua hii namwomba asome polepole, asiruke mahali ninapomtaja yeye, wala mahali ninapoutaja mto. Kurasa nimezipiga picha nikazituma kwenye simu yake, kwa hiyo asisingizie kwamba hazikufika. Miwani yako, kama bado mnaitafuta, niliiona Alhamisi usiku juu ya kabati la vyombo, nyuma ya redio.

Tumefika salama. Hilo ndilo unalotaka kulisikia kwanza, basi nimelitanguliza. Mengine utayasikiliza huku unachambua maharage.

Alfajiri ile, ulipokuwa unafunga kahawa ya kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, uliniuliza: "Unakwenda kwa nani?" Nikacheka. Nikakuambia siendi kwa mtu, nakwenda kuona. Ukakaza fundo la kamba, ukasema mtu haendi kuona. Mtu huenda kwa mtu, na akishafika huko ndipo anaona. Nililichukulia kama neno la kizee, unisamehe. Lakini swali lile lilipanda gari pamoja nasi.

Pale stendi ya Muleba dereva wa mchomoko alitazama mabegi yetu, hasa la mtoto wa Shangazi lenye hema juu na sufuria ikining'inia pembeni, akauliza, "Kuna msiba?" Tukasema hakuna. "Harusi?" Hakuna. "Mnakwenda kuchukua mzigo?" Hapana, tunakwenda Rwanda kutembea. Akauliza kwa nani. Tulipomjibu kwamba hatuna mtu huko, alifunga mlango wa nyuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wewe umewaona Wazungu wakishuka melini pale Bukoba na mabegi yanayowapita vichwa, na hakuna anayewauliza kitu, maana Mzungu ni Mzungu. Sisi tukijitwisha begi kama lile tunaonekana tumefukuzwa nyumbani.

Gari lilikuwa Probox ya watu watano iliyobeba wanane. Mimi nilibanwa mbele katikati, gia ikinigonga goti kila mlima. Baada ya Kyamyorwa na misitu ile ya Kasindaga, mzee mmoja aliyekaa nyuma akaanza kusimulia enzi ambazo mabasi yalikuwa yakisubiriana njiani ili yasindikizwe na polisi wenye bunduki, na jinsi abiria walivyokuwa wakificha fedha ndani ya mikate. Siku hizi sehemu kubwa ya pori ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu 2019. Tuliona nyani. Mtoto wa Shangazi alidai ameona na twiga, ila dereva alisema ni mti.

Biharamulo tulibadilisha gari, Lusahunga tukashika barabara ya Ngara, na hapo ndipo tairi lilipopasuka. Spea ilikuwepo, haikuwa na upepo. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa mbili tukila mihogo ya kuchoma, malori yakipita na kututikisa, na mwenzangu akapendekeza tupige hema palepale. Nilimwambia kama Shangazi alimzaa ili alale Nyakahura kando ya lami, basi alale peke yake. Nakutajia kisa hiki cha tairi kwa sababu bila hilo tungefika Kigali siku ileile, na barua hii isingekuwa na la maana.

Benaco utaikumbuka kwa jina. Kwenye karatasi za serikali ni Kasulo, lakini watu wamebaki na jina la kampuni iliyojenga barabara. Leo ni mji wa madereva wa masafa marefu: chipsi mayai, gesti, mafundi tairi, malori yaliyobeba mafuta na saruji kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nalijua jina hilo kutoka kwenye mazungumzo yenu wakubwa, yale yaliyokuwa yanakatika sisi watoto tukiingia. Ilipofika jioni ya 29 Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu walikuwa wamekimbia Rwanda na kuvuka daraja la mpakani la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakaja kulala kwenye vilima vya Benaco. Hakuna mji wa mkoa wetu uliokuwa na watu wengi kiasi hicho. Nilitazama vile vilima kupitia dirishani nikatafuta alama. Kuna migomba, kuna mabati, mtoto anachunga mbuzi.

Kutoka hapo barabara inateremka kwenda bondeni. Tuliwasili Rusumo saa kumi na moja na nusu jioni, saa yetu.

Sasa nifike kwenye mto, na mdogo wangu asome vizuri.

Tangu nilipojua kushika kalamu nimeandika neno "Kagera" kwenye kila fomu: mkoa, Kagera. Wewe mpaka leo unasema Ziwa Magharibi, na hukosei, maana ndivyo mkoa ulivyoitwa hadi baada ya vita vya Amin, 1979. Lakini mto wenyewe, Bibi, sikuwahi kuuona. Mtu wa Muleba ana ziwa. Kyaka, unakopita mto, ataendea nini? Nimeishi miaka 26 ndani ya jina la mto nisioujua, na siku ya kwanza kuuona ndiyo siku niliyokuwa naondoka nchini.

Uliniagiza nisinawe maji yake. Najua kwa nini. Mwaka ule wa 1994 mto ulibeba miili ya watu waliouawa Rwanda. Ukapita nayo hapa Rusumo, ukapanda nayo kaskazini kufuata mpaka, ukazunguka Karagwe yote kama mshipi wa kiuno, ukapita Kyaka, ukaingia Uganda na kuimwaga ziwani, kwenye ziwa letu hilihili. Watu wa Rakai na Masaka waliizika kwa mikono yao. Mama aliniambia uliacha kula samaki, na ulipoanza tena ulikula sato mmoja mdogo, ukalia. Sikuwahi kukuuliza. Nakuandikia sasa kwa sababu barua haimtazami mtu usoni.

Utaratibu wa mpaka ule ni wa kuchekesha kidogo. Tangu 2016, Magufuli na Kagame walipofungua kituo cha pamoja, mtu anayetoka Tanzania haongozwi kwanza kwenye ofisi za Tanzania. Anavuka daraja, na ng'ambo anawakuta maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja: mmoja anamgongea muhuri wa kutoka, jirani yake anamgongea wa kuingia. Kwa hiyo pale katikati ya daraja, begi mgongoni, nilikuwa nimeshaondoka kwetu bila kuaga na sijapokelewa na mtu. Daraja jipya lina urefu wa mita 80, Wajapani walisaidia kulijenga; la zamani lilikuwa jembamba, lori na lori hayapishani. Upande wa juu ndipo maji yanapoanguka. Kinyarwanda maporomoko huitwa isumo, nadhani umeshaelewa jina la mahali limetoka wapi. Si marefu, lakini mto mzima unabanwa kwenye mwanya wa mawe, unaruka ukiwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyokolea majani, unanguruma. Karibu na hapo sasa kuna mitambo ya umeme, megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi wamegawana sawasawa. Maji yaleyale.

Mtoto wa Shangazi alitaka kupiga picha. Nikamkanya, kuna askari. Nikasimama kidogo. Watu wale laki mbili na nusu walipita hapa wakija upande ninaotoka mimi, na godoro, na mbuzi, na mtoto mgongoni, na wengine, tunavyojua sasa, na damu mikononi. Daraja halikuwauliza wanakwenda kwa nani. Upepo ukageuka, rasharasha za maporomoko zikaniangukia usoni. Sijui kama hiyo inahesabika kunawa.

Ndani ya jengo, mwenzangu aliamua kutuonyesha kwamba sisi ni akina nshomile, wasomi. Alimsogelea ofisa wa Rwanda na Kiingereza cha kutoka puani, sentensi ndefu yenye vituo. Kijana yule akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha kwake, "Karibu, kaka. Pasipoti iko wapi?" Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na hata isingekuwa hivyo, kijana wa mpakani hahitaji sheria imfundishe. Akauliza, "Mnafikia kwa nani?"

Nikasema gesti.

"Gesti ya nani?"

Sikuwa na jibu. Akaandika kitu, sijui aliandika nini.

Kisha wakapekua mabegi. Kosa ni langu: zile senene nilizonunua Muleba, za moto, zilizokaangwa vizuri, nilikuwa nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni, ule mwepesi unaoonyesha ndani. Rwanda ilikataza mifuko ya nailoni tangu 2008, sisi tukafuata 2019 na bado tunachungulia kichochoroni. Dada aliyekagua alinieleza kwa adabu kwamba mfuko haupiti. Nikauliza, na senene? Akainama kuzitazama. Akaita mwenzake. Akaja wa tatu. Wanyarwanda wengi hawali senene, na walikuwa wananitazama jinsi sisi tunavyowatazama watu wanaokula konokono. Mwishowe wakasema wadudu hawana tatizo, tatizo ni nailoni. Ikabidi mtoto wa Shangazi avue kofia yake, senene zikamwagwa humo, nasi tukaingia nchi ya watu tumekumbatia kofia. Kahawa yako, Bibi, iliyofungwa kwenye jani la mgomba na kamba ya mgomba, dada aliinusa tu, akatabasamu, akairudisha.

Tulipotoka nje nikatazama saa ya marehemu Babu: saa kumi na mbili na nusu. Saa ya ukutani mle ndani ilikuwa imesema saa kumi na moja na nusu. Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Na hapa ngoja nikuambie jambo lililonifurahisha kuliko hata maporomoko. Sisi wa Kagera tunatumia saa ya Dar es Salaam, nasi tuko magharibi mbali, kwa hiyo mwezi huu wa Novemba giza letu huingia saa moja. Mswahili aliyepanga kuhesabu saa alikusudia kumi na mbili iwe ndiyo mwisho wa mchana. Kwetu haiwi, tunazoea tu. Tumevuka daraja, saa zimerudi nyuma, na giza limetuangukia saa kumi na mbili na dakika chache! Na Wanyarwanda nao wanahesabu kama sisi, tena kwa maneno yetu: saa moya, saa mbiri, saa sita. Nimekuja kuona saa ya Kiswahili ikikaa sawa na jua katika nchi ya Kinyarwanda.

Kosta ya mwisho ya Kigali ilikuwa imeshaondoka. Tukavunja shilingi zetu, zikaingia nyingi zikatoka faranga chache, tukachukua pikipiki mbili mpaka Nyakarambi, mji mdogo ulio juu kidogo njia ya Kigali. Huku abiria naye anavalishwa kofia ngumu. Yangu ilikuwa na harufu ya nywele za watu wote waliopita wiki ile. Wanaendesha upande wa kulia. Kila lori lilipokuja mbele yetu nilifumba macho, na lilipopita nilikuwa bado hai, nikafumba tena. Barabarani kulikuwa safi na kimya, taa zimepangwa. Kwetu mji wa ukubwa ule ungekuwa na baa tatu zinazoshindana miziki. Sisemi kipi ni bora; nasema usiku wa kwanza ugenini kimya kinamfanya mtu ajisikie kama amechelewa mahali.

Nchi ile ya chini inaitwa Gisaka. Zamani ilikuwa na wafalme wake, majirani wa wafalme wa Karagwe, kama sisi tulivyokuwa na Ihangiro yetu. Mjerumani Götzen alivukia hapo Rusumo mwaka 1894, na msafara mrefu wa wapagazi, akaenda mpaka kwa Mwami Rwabugiri. Angalau yeye angeulizwa "kwa nani" angekuwa na jibu, ingawa Mwami hakuwa amemwalika. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo ndiye alikuwa gavana Dar es Salaam vita vya Majimaji vilipozuka. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, Wajerumani wakaondoka, na Waingereza wakaitaka Gisaka kwa ajili ya ndoto yao ya reli kutoka Cape hadi Cairo. Wakaishika miaka michache, reli haikuja, wakawarudishia Wabelgiji. Kwa hiyo pale nilipolala ugenini, kuna wakati palikuwa upande wetu. Mpaka ulihama, watu wamekaa.

Gesti tuliyoelekezwa ilikuwa ya mama mmoja, umri wa Mama Mkubwa hivi, vyumba vinne na ua uliofagiwa ukaonekana kama mkeka. Ukutani sebuleni kulikuwa na ubao wa michoro, mistari ya pembe kali, nyeusi, nyeupe na nyekundu, iliyonyanyuka kama kovu. Inaitwa imigongo, na Nyakarambi inasifika kwa kazi hiyo: ni mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, yakafinyangwa kwa vidole, yakakauka, yakapakwa rangi. Zamani walipamba hivyo ndani ya nyumba zao za duara. Nilimwambia nyumba zetu za mushonge nazo zilikuwa za duara, lakini sisi ufundi tuliuweka kwenye kusuka paa. Nilimwambia kwa Kiswahili. Akajibu kwa Kinyambo cha Karagwe.

Bibi, nilisimama na begi mgongoni nikashindwa kulivua. Unajua mtu akisikia lugha ya jirani yake mahali asipoitegemea. Si Kihaya, lakini ni mlango wa pili tu. Enju yetu kwa Kinyarwanda ni inzu, amaizi ni amazi, omulilo ni umuriro. Kinyarwanda ningekiotea nusu. Kinyambo sikuhitaji kukiotea. Nikamwamkia kama ninavyokuamkia wewe. Akaniuliza mimi ni wa wapi. Muleba. Wa upande gani? Nikataja. Akataja soko la Omurushaka, akauliza kama bado linajaa vilevile.

Alizaliwa Karagwe. Wazazi wake walivuka mto wakiwa vijana, baada ya machafuko ya 1959, wakalima huko, wakafia huko. Yeye akaolewa huko, akazaa huko. Mwaka 2013 serikali yetu ilipoamuru wahamiaji wasio na vibali warudi makwao, karatasi zake hazikutosha. Alikuja na ng'ombe wawili, sufuria na mtoto wa mwisho, akavuka mto uleule kuja katika nchi aliyokuwa anaisikia tu kwa wazazi. "Hapa wakaniita Mtanzania," akasema, anacheka kabisa. Nilisubiri kicheko kigeuke, hakikugeuka. Akainuka kwenda kutazama jiko.

Chakula kilikuwa ibitoki na maharage. Ndizi tu, Bibi, ndizi zetu, ingawa wao wanaziacha na mchuzi mwingi kidogo. Kikombe cha ikivuguto pembeni, yale maziwa ya mgando wanayoyapenda kuliko soda. Mtoto wa Shangazi akatoa senene kwenye kofia kwa heshima zote. Mama akala, za kwanza baada ya miaka mingi, akifumba macho, na mjukuu wake wa kike akakimbilia chumbani akipiga kelele. Halafu akauliza lile swali. Mnakwenda Kigali kwa nani?

Kwa aibu nikasema hatuendi kwa mtu, tunatembea tu. Akatutazama. Akasema, "Basi mmekuja kwangu," akaondoa sahani kana kwamba jambo limekwisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka kifurushi chako. Nilikuwa nimekipanga kiwe changu, nitafune njiani nikikukumbuka. Nililifungua fundo (umelikaza kama unafunga fahali!) nikamwekea kahawa kwenye kisosi, maana kikapu hakuwa nacho. Huku Rwanda kahawa ni ya kuuza. Wanailima sana na wengi hawainywi, sembuse kuitafuna. Mama yule alichukua punje mbili, akaziweka shavuni, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilisikia mende wakitembea darini. Kisha akasema, "Kasinge." Lafudhi ya Karagwe, ile ya kuvuta mwishoni.

Tuliongea mpaka usiku. Mengine hayaandikiki. Aliniambia kanisa la Nyarubuye, ambako sasa kuna mahali pa kumbukumbu ya waliouawa huko, liko wilaya hiyohiyo ya Kirehe, na kwamba nikitaka kwenda niende, lakini watu wa kijijini nisiwaulize wao walikuwa wapi. Nikamweleza habari zako na samaki. Akatikisa kichwa. Alikuwa Karagwe mwaka ule, alisema. Walikuwa wanachota maji mtoni, wakaacha, wakarudi kuchota, kwa sababu mengine hayakuwepo.

Nililala vibaya. Godoro lilikuwa zuri, kosa halikuwa lake. Nilikuwa nasubiri kelele zisizokuja. Na nikaamka kwa saa ya Babu, ambayo sikuirudisha nyuma, nikamwamsha mwenzangu, tukavaa mabegi, tukasimama stendi gizani tukisubiri kosta ya saa kumi na moja. Mlinzi mwenye tochi akaja kutuuliza tunafanya nini hapo saa kumi ya usiku. Mtoto wa Shangazi hajanisamehe. Mama wa gesti alitukuta bado tumekaa pale alipokuja na chupa ya chai, amefunga kitenge kichwani, akinitafuta mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Alipoondoka Karagwe 2013 aliacha deni. Jirani yake alikuwa amemkopesha maharage ya mbegu, debe mbili, amlipe baada ya mavuno. Mavuno hayakumkuta. Miaka yote hii, anasema, nyumba ilimtoka moyoni, shamba likamtoka, lakini zile debe mbili hapana. Nauli ya kwenda kulipa ni kubwa kuliko deni, na kila dereva anayemfikiria anamwona ana njaa. Amepiga hesabu kwa bei ya leo, si ya mwaka ule, akanipa faranga mkononi, akanitajia kijiji na jina la mwenye maharage. Nikamwambia mimi si wa Karagwe. Akasema, "Najua. Lakini unarudi."

Kigali nitakusimulia kwa mdomo. Ni vilima juu ya vilima, kama mtu amekunja shuka akalisahau. Tumelala kwenye nyumba ya vijana wasafiri, vitanda vya ghorofa, Mjerumani juu yangu anakoroma, na hapa hakuna hata mmoja anayemuuliza mwenzake anakwenda kwa nani. Wanaulizana umetoka nchi gani na umeshafika nchi ngapi. Hema bado halijafunguliwa, mwambieni Shangazi.

Basi Jumamosi msiniwekee chakula. Sitarudi kupitia Biharamulo. Nikivuka Rusumo nitashika ile njia ya Kimisi kwenda Karagwe, nishuke Omurushaka, niulizie, halafu ndipo nipande gari la Bukoba, na kutoka huko niteremke Muleba, labda Jumatatu. Mtoto wa Shangazi anasema anapita Biharamulo kwa sababu ana kazi. Mimi nadhani anaogopa kubeba tena kofia ya senene.

Fedha za maharage nimezifunga ndani ya lile jani lako la mgomba. Kahawa imekwisha, lakini jani bado zima, na kamba nayo, ingawa fundo langu haliwi kama lako.

Mjukuu wako